Uso Ulionuna Mlangoni

Walinibandikia uso mwekundu mlangoni nikiwa nimekwenda kisimani. Niliporudi na jerikeni kichwani niliuona kutoka mbali: duara kubwa kama sahani, macho mawili, mdomo umepinda chini. Jirani wa kulia alikuwa na wa kijani unaocheka. Jirani wa kushoto, kijani. Mlango wangu peke yake ndio ulionuna, na njia ile hapa kwetu Mwabungo ndiyo ya kisimani, ya madrasa na ya dukani. Hakuna asiyepita.

Maana yake ilijulikana na kila mtu: nyumba hii haitii dawa kwenye maji ya kunywa.

Miezi michache kabla, binti yangu wa miaka mitatu aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Alilazwa hospitali ya Msambweni siku nne, nami namnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, anatapika, naanza upya. Tangu tulipotoka kule sikuwahi kuchota maji nikaacha kutia dawa. Hata siku moja. Sasa mlango wangu ulikuwa ukiwatangazia watu kwamba mama wa mtoto yule aliyeponea chupuchupu hajajifunza kitu.

Nilimpigia simu mume wangu, anayefua mashuka hotelini Galu. Akasema ni karatasi tu, niiache. Yeye hapiti kisimani. Mimi kesho yake nilipofika kwenye pampu mmoja akasema, "Mpisheni mwenye mlango, asije akatununia na sisi." Wakacheka. Nikapampu maji kana kwamba ile pampu ndiyo iliyosema.

Watu wa mradi wa maji, hao waliobandika nyuso, walikuwa wamekuja mwanzoni na gari safi na maneno laini. Kiongozi wao, kijana wa bara, alitukalisha mkekani na kutueleza kwamba wao si kama wale wa zamani wa kuamrisha. Mradi wao unaanza na mtu mwenyewe. Kwanza wanamsikiliza, kisha wanamgusa kiwiko kidogo tu, taratibu, abadili tabia bila hata kujua. Hiyo ya bila hata kujua ilinikera pale pale. Mimi si mbuzi wa kuswagwa. Lakini nilinyamaza kwa sababu ya mwanangu, na kwa sababu ile dawa waliyofunga pale kisimani, unazungusha kifuniko tu inadondoka kwenye jerikeni, ilikuwa jambo jema. Sikatai.

Wakatuuliza kwa nini wengine hawatii dawa. Nikawaambia kwa urefu, maana waliuliza. Nikasema dawa inanuka. Kwetu maji ya kunywa hunuka ubani. Mtungi wa udongo hugeuzwa mdomo chini juu ya chetezo, moshi ukaingia mpaka ukatosha, ndipo maji yakamiminwa. Mgeni ukimpa maji yasiyofukizwa hatasema neno, lakini huko aendako atasema. Na ukimpa yanayonuka dawa, atafikiri umemtekea maji ya kufulia. Nikasema, anzeni hapo, kwenye mtungi.

Kijana akaitikia sana, akaandika kwenye kikaratasi cha manjano, akakibandika ukutani pamoja na vya wenzangu. Nimemaliza kidato cha nne, kusoma najua. Nikasogea nikasoma. Maneno yangu yote yale yalikuwa yamekuwa neno moja: harufu. Kabla hatujaondoka kikaratasi kilishaanguka, kuku wa mwenye nyumba anakikanyaga.

Walivyorudi hawakuleta kitu cha mtungi. Walileta nyuso.

Siku tano niliishi na uso ule. Binti yangu akawa kila akifika mlangoni anasimama, anauangalia, anakunja uso kama ule, kisha anaingia. Wenzake wakacheka, naye akaona ni mchezo mzuri.

Siku ya sita akaja yule msichana wao wa kupima maji, mwenye kibegi cha vichupa. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa ua wa nyuma anakuna nazi. Yule msichana akamwamkia shikamoo vizuri, akaitikiwa marahaba, akaniambia amekuja kupima tena. Nikamuuliza mara ya kwanza alipima maji gani. Akasema ya kunywa, aliteka mtungini pale. Dawa ikiwemo maji hugeuka rangi ya waridi, na yangu hayakugeuka.

Nikamwambia, "Leo utapima mawili. Anza na haya." Nikaweka jerikeni mbele yake, nimetoka nalo kisimani muda si mrefu. Akateka kidogo kwenye kichupa, akatia tone la kupimia. Maji yakawa waridi, waridi kabisa, kama leso mpya.

"Haya, sasa ya mtungini. Ni ya kisima kile kile, niliyatia dawa jana jioni."

Akatia tone. Meupe. Akatia jingine. Meupe.

Tukaangaliana. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda ni moshi, au ni udongo, vinaila dawa. Nikamuuliza kama kuna aliyewaambia habari ya moshi na udongo. Akainama akafunga kibegi.

Mbuzi ya nazi ilikuwa imenyamaza. Hapo ndipo nilipoingiwa na aibu ambayo sikuistahili, kwa sababu mtungi ule ni wa mavyaa, na anayeufukiza kila alasiri ni yeye, kwa mikono yake, kwa heshima ya nyumba yetu. Mimi nilitia dawa, yeye akaitoa, na kati yetu sote wawili hakuna aliyekosea. Mavyaa akafuta mikono kwa leso, akaja, akavitazama vile vichupa viwili.

"Basi maji yakae jerikenini," akasema. "Mimi nitafukiza vikombe."

Akarudi kwenye nazi yake. Jambo lililowashinda wale na gari lao, yeye alilimaliza hajakaa kitako.

Nikamwambia msichana auondoe uso wangu. Akasema hana ruhusa, nyuso hubadilishwa mwisho wa mwezi, kwa pamoja. Nikaingia jikoni nikatoka na kisu cha samaki. Niliukwangua mbele yake, saa ile wanawake wanarudi kisimani, wakasimama na ndoo zao kutazama. Nikawaambia rangi ya maji yangu waliyotaka kuijua iko ndani ya kichupa, waingie waone. Wawili waliingia. Yule wa "mpisheni" hakuingia.

Baada ya wiki kiongozi akaja na uso wa kijani, na simu yake, anataka kunipiga picha nikieleza habari ya vikombe, eti ni ubunifu uliotoka kwa jamii. Nikamwambia habari ya mtungi niliitoa mkekani, siku ile alipoandika neno moja. Nikamrudishia uso wake.

Mlangoni limebaki duara la gundi lililoshika vumbi. Binti yangu ni mzima, anakunywa maji yenye dawa kwenye kikombe chenye ubani. Lakini mpaka leo akifika mlangoni husimama, hukunja uso, ndipo aingie. Nimemkataza, nimembembeleza, nimemfokea. Hiyo tabia moja walifaulu kuijenga.