Kufuli Nambari Tisa

Mtambo wenyewe wa kuchimba na kupakia mawe, watu wote wa mgodini wanauita kijiko, na mgeni akisikia hivyo hutazamia kitu cha kukorogea chai. Halafu anapelekwa shimoni, anainua kichwa, anainua tena, mpaka kofia inamdondoka kwa nyuma. Ndoo ya kijiko hicho inameza gari dogo pamoja na dereva wake na mizigo ya safari, na nafasi inabaki. Kipande kimoja tu cha mnyororo wake kinahitaji watu wanne walioshiba kukisogeza. Na kwa kuwa kila asubuhi hukohoa na kulalamika kabla ya kuanza kazi, mafundi wamekipa jina la Shangazi.

Aliyemjua Shangazi kuliko wote alikuwa fundi mmoja mwanamke, mama wa watoto watatu, mwembamba kama spana, aliyeitwa Mama Kufuli. Hakuna mtoto wake aliyeitwa hivyo. Jina lilitokana na ukali wake juu ya sheria moja ya karakana: usiingize hata kidole ndani ya mtambo kabla hujaulaza, hujauzima na hujaufunga. Ndoo ishushwe mpaka iguse ardhi. Injini izimwe. Vishikio vya dereva vichezeshwe mpaka mafuta yaliyobanwa ndani ya mipira, yale mabomba yanayoupa mkono nguvu, yaishe hasira. Kisha kila fundi atundike kufuli lake jekundu kwenye swichi kuu. Mafundi wanne, makufuli manne. Kila kufuli lina nambari yake na ufunguo mmoja tu, nao unakaa mfukoni mwa mwenyewe. Mpaka kufuli la mwisho litoke, Shangazi hawezi hata kupiga chafya.

Juu ya sheria hiyo Mama Kufuli aliongeza adhabu aliyoibuni mwenyewe. Atakayekwenda nyumbani akaacha kufuli lake kwenye mtambo, atalivaa shingoni wiki nzima, na kila atakayemuuliza atamsimulia kisa tangu mwanzo. Dereva wa Shangazi alishalivaa. Msimamizi wa zamu pia alishalivaa, siku saba, mpaka kwenye foleni ya chakula. Huyu watu walimwita Saa Ngapi, maana hajawahi kumsalimia mtu bila kuuliza saa. Wiki ile Mama Kufuli alimcheka mpaka akashika mbavu, na kila asubuhi akamuuliza upya kisa chake kana kwamba hajawahi kukisikia.

Basi ikafika Jumapili moja, siku yake ya mapumziko, na hakuwa akipumzika bure. Kesho yake angekaa mbele ya wakubwa watatu wa mgodi kuhojiwa. Walikuwa wanatafuta mwalimu wa usalama wa mafundi wote, na majina yalikuwa yamebaki mawili: lake na la fundi wa malori, bwana mmoja nadhifu ambaye hajawahi kusahau hata mwavuli. Kazi hiyo Mama Kufuli aliitamani kwa miaka miwili. Ndiyo maana saa tatu asubuhi alikuwa kwenye kigoda mlangoni kwa jirani yake msusi, nusu ya kichwa imesukwa mistari safi, nusu nyingine nywele zimesimama kama zimeona nyoka.

Simu ikaita. Alikuwa Saa Ngapi, na alianza kwa kuuliza kama mama anajua ni saa ngapi. Kisha akaeleza. Malori saba yamejipanga shimoni yakisubiri kujazwa, dereva wa Shangazi amefuta vioo mara tatu kwa kukosa la kufanya, na kwenye swichi kuu kuna kufuli moja jekundu. Nambari tisa.

Mama Kufuli akatumbukiza mkono kwenye mkoba. Ufunguo ulikuwamo, na uzi wake wa bluu. Uso ukamshuka.

"Mama, sikiliza," Saa Ngapi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe uko nyumbani, nakusikia, mzima wa afya. Sema tu kata, nikate. Kwenye daftari la zamu nitaandika kufuli lilikuwa bovu. Yameisha."

Si kwamba hakushawishika. Alishawishika sana. Kweli alikuwa nyumbani, wala hakuwa ndani ya mtambo. Kweli wakubwa watatu, kabla ya kumwita ndani, wangefungua lile daftari na kusoma kwamba mama wa kufuli amesahau kufuli. Msusi naye, aliyekuwa akisikia kila neno, alimshauri akubali, wamalize kichwa.

Lakini alimkumbuka shemeji yake, kaka wa mumewe, aliyekuwa fundi mwenzake. Miaka miwili nyuma, kabla makufuli hayajapewa nambari, mtu alipigiwa simu nyumbani namna hii hii, akasema nimeshatoka, kateni, washeni. Kweli yeye alikuwa ametoka. Shemeji hakuwa ametoka. Alikuwa nyuma ya mnyororo na bomba la grisi mkononi. Mguu wa kushoto ulipona nusu, na tangu hapo amekuwa mlinzi wa lango, na fimbo yake.

"Usikate," Mama Kufuli akasema. "Nakuja."

"Saa ngapi?"

"Nikifika."

Mume wa msusi akampakia kwenye pikipiki. Alifika langoni na buti, kizibao cha kung'aa, kofia ya kazi juu ya nywele zilizosimama, na kitana cha msusi kikiwa bado kimechomekwa kichwani. Shemeji akamtazama kuanzia chini mpaka juu, na alipofika juu akakaa hapo muda mrefu.

"Shemeji, hiyo kofia umeivaa au umeiegesha?"

"Nifungulie, bwana. Malori saba yananingoja."

"Yangoje. Kofia isiyokaa kichwani haipiti hapa. Nani alinifundisha hivyo? Wewe."

Akataka kujua mtu wa mapumziko anafuata nini kazini Jumapili. Mama Kufuli akajikuna, akasema kuna kitu kidogo tu anataka kukiangalia. Shemeji akauona uzi wa bluu ukichungulia kati ya vidole vyake. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Mkuki kwa nguruwe," akasema, na hakuwa na haja ya kumalizia.

Halafu akainama, akachomoa kamba ya buti lake la kushoto, akazifunga zile nywele zilizosimama kama anafunga gunia la mkaa. Kitana akakitia mfukoni mwake. Kofia ikakaa sawasawa, mkanda ukafungwa kidevuni. Alipomfungulia, kicheko kilikuwa kimekwisha. Alimwambia kitu kimoja tu: azunguke vizuri.

Shimoni alikuta hadhara. Madereva saba wa malori walikuwa wameshuka, wamekaa kwenye kivuli cha matairi, na hakuna aliyekuja kutazama kijiko. Mmoja aliuliza kwa adabu kama nywele nazo zimefungwa upande mmoja kwa usalama. Saa Ngapi alisimama karibu na swichi kuu, mkasi mkubwa wa kukatia chuma begani, akamwonyesha kufuli kama anamwonyesha mtu asiyelijua.

Mama Kufuli hakuligusa. Mwenye kufuli huuzunguka kwanza mtambo mzima, hugonga kila upande, huita. Saa Ngapi akasema wameshatazama, hakuna mtu. Akamjibu kwamba hata yeye anaamini hivyo, kisha akaanza kuzunguka. Akagonga mnyororo wa kulia kwa spana, akauliza kama kuna mtu. Dereva mmoja akamjibu kutoka kivulini kwamba mtu hayupo, ametoka kidogo, na wenzake wakavunjika mbavu. Akagonga wa kushoto. Akapanda ngazi mpaka kwenye shina la mkono wa Shangazi, pale alipofunga mpira mpya wa mafuta jana yake, mpira mnene kama paja la mtoto, unaoshikwa na bolti nne.

Akaweka mkono. Bolti ya kwanza ilikuwa ngumu. Ya pili ngumu. Ya tatu ikazunguka kwa vidole viwili, laini kama kizibo cha chupa. Ya nne vilevile.

Hapo jana yote ikamrudia. Alikuwa amekaza mbili alipoitwa kwa makelele, lori moja lina breki mbovu kwenye mteremko. Akashuka mbio, kufuli akaliacha kusudi, kwa kuwa kazi haijaisha na angerudi. Breki ikamla saa mbili, king'ora cha kumaliza zamu kikalia, akapanda basi la wafanyakazi akiwaza mitindo ya kusuka. Kwenye daftari hakuandika lile neno analowapigia wenzake kelele kila siku kwamba waliandike: kazi haijaisha. Katika shimo zima, kitu kilichokumbuka kazi ile kilikuwa kufuli peke yake.

Spana ilikuwa mkononi. Dakika mbili zingetosha kukaza, na kutoka kule chini hakuna ambaye angejua anafanya nini. Mama Kufuli akazitazama zile bolti mbili kama mwenye njaa anayetazama sufuria ya mwenziwe. Kisha akawaita juu Saa Ngapi na dereva wa Shangazi.

"Shika hapa," akamwambia dereva.

Dereva akaizungusha bolti ya tatu kwa kidole, akaurudisha mkono haraka. Hakuhitaji kuelezwa. Angeinua ndoo ya kwanza iliyojaa mawe, mpira ungechomoka, na mafuta ya moto yenye nguvu ya kutoboa ngozi yangeruka kuelekea kioo cha chumba chake, hatua tatu kutoka pale. Saa Ngapi akautazama mkasi uliokuwa begani mwake, akauteremsha taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba fimbo aliyobeba ni nyoka. Hakuuliza saa.

"Nilikuacha na bolti mbili," Mama Kufuli akamwambia dereva. "Nisamehe, mwanangu."

Dereva akasema yamepita, mama, ila leo atakaa kuhakikisha. Mama Kufuli akakaza kwa spana ya kupimia ukazo, dereva akapima tena nyuma yake, zote nne. Daftari likaletwa juu. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kazi ya jana haikumalizwa, haikuandikwa, na kufuli lilisahauliwa, akaweka jina. Akamaliza mzunguko uliobaki, akagonga, akaita, akashuka, na ndipo nambari tisa ikatoka. Shangazi akakohoa, akalalamika, akainua ndoo. Lori la kwanza liliondoka saa tano na robo. Tunajua hivyo kwa sababu Saa Ngapi alitangaza bila kuulizwa.

Langoni shemeji alikuwa akimngoja na mnyororo mwembamba.

"Wiki nzima," akasema.

"Kesho nina wakubwa, shemeji."

"Ndiyo. Na wiki inaanza leo."

Jumatatu aliingia kwenye chumba cha mahojiano na kichwa kilichosukwa kikamilifu, gauni la kijani, na kufuli jekundu shingoni. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa pale pale. Mkubwa wa kike, aliyekaa katikati, hakufika hata kwenye swali la kwanza la karatasi yake. Aliuliza hicho shingoni ni nini. Sheria ni sheria, tangu mwanzo: Mama Kufuli akavuta kiti karibu, akaanza na bolti ya tatu, akarudi kwenye breki, akafika mwanzo kabisa, kwa shemeji na mguu wake. Kila mtu alikuwa amepangiwa dakika kumi. Nje, Saa Ngapi alimhesabia fundi wa malori dakika mpaka arobaini, kisha akaona ni ukatili, akaacha.

Jibu lilikuja Alhamisi, likabandikwa ukutani penye foleni ya chakula. Mama Kufuli alilisoma kufuli likiwa bado shingoni, maana zilikuwa zimebaki siku mbili na shemeji alikuwa akizihesabu. Fundi wa malori alimpongeza vizuri, akamwazima kalamu ya kutia sahihi. Lakini wa kwanza kumpa mkono alikuwa Saa Ngapi, ambaye kabla ya kuuachia alitaka kujua darasa litaanza saa ngapi.