Kamba Iliyompima Wawuda

Jumapili, saa kumi kasorobo jioni. Hapo ndipo Babu alipokunja barua ya kodi ya ardhi mara nne, akaitia mfukoni, akaniambia nilete daftari. Kesho kuna mkutano wa kutoa maoni juu ya bajeti na viwango vipya vya kodi za ploti, na magoti yake hayawezi kumfikisha. Anataka mimi ndiye nikasome maneno yake. Mimi, ambaye mwalimu akiniita darasani naanza kutafuta kalamu iliyoanguka.

"Babu, si umtume Anko?"

"Anko wako ataenda kugombana. Wewe utasoma. Andika."

Nimeandika vile alivyosema.

Siku ile ya kupima mashamba naikumbuka kwa ukungu wake, mwanangu. Ni kule Wusi, kabla sijashuka hapa Voi kutafuta kazi ya reli. Nilikuwa kijana, najua kusoma, basi kijiji kikanipa kusimamia mfereji wa maji. Ulitoka juu msituni ukipita shamba hadi shamba, na kila nyumba ilitoa mtu siku moja ya kuuzibua. Mwenye nguvu alichimba, asiye na nguvu alichemsha viazi vya wachimbaji. Maji yalifika hadi chini.

Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikachukua kamba ya katani, nikapima mashamba yote. Nikatangaza kwamba kila mtu atatoa siku kulingana na ukubwa wa shamba lake. Kwenye karatasi ilikuwa haki kabisa. Lakini haki ya karatasi haina macho.

Kulikuwa na mjane anaitwa Wawuda. Mumewe alimwachia shamba kubwa kutushinda wote, lakini yeye alilima kipande cha maharagwe tu, pale mkono wake ulipofika. Kamba haikuuliza analima wapi. Akanijia mferejini.

"Shamba ni kubwa, sikatai," akasema. "Sasa nikuchimbie kwa mikono ya nani? Ya marehemu?"

"Si uuze kipande," nikamwambia. Vijana wenzangu wakacheka. Nilipenda sana vile walivyocheka.

Na hizo siku za ziada tulizifanyia nini? Mfereji haukuzihitaji. Tukajenga kibanda cha kamati, cha mawe, na ndani nikawa na kiti changu chenye mgongo. Mwonja asali haonji mara moja: kibanda kilipokwisha tukataka na ukuta wa kukizunguka, tukaongeza siku tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Mimi niliyeandika hizo siku, sikuchimba hata moja.

Wawuda akakosa kuja. Nikamfungia zamu yake ya maji. Maharagwe yakakauka yakiwa na maua. Akauza shamba, akahamia Kasigau kwa dada yake, na huko ndovu wakamlia mahindi msimu wa kwanza, wakarudi msimu wa pili. Habari iliyotufikia baada ya hapo ilikuwa ya msiba wake.

Siku habari hiyo ilipofika, Mzee Mwadime, aliyesimamia mfereji kabla yangu, alinikuta kibandani. Nikamkaribisha akae. Hakukaa.

"Kiti kizuri," akasema. "Mfereji hauli, kijana. Mnaokula ni ninyi."

Akaondoka. Wengine nao walikuwa wameanza kuhama mmoja mmoja, na mikono ikapungua. Kibanda kipo hadi leo, mbuzi hulala humo. Mfereji ulikufa.

Sasa kamba imenifikia mimi. Ploti hii niliinunua ikiwa miiba mitupu. Barabara imekuja, stesheni imekuja, wanasema thamani imepanda. Mimi sijasogea hata hatua moja, bei ndiyo imesogea. Siuzi, nalala tu humu na Nyanya yako. Thamani hiyo nitaipika? Pensheni ni ile ile. Kwa hivyo neno nililomwambia Wawuda nimejiambia mwenyewe. Nusu ya ploti inaenda. Mnunuzi anakuja kesho asubuhi.

Yangu yamekwisha, lakini waambie kwa ajili ya wengine. Sisemi watu wasilipe. Mfereji bila mikono hufa. Nasema mtu atozwe kwa kile anachovuna, si kwa bei ambayo mgeni angempa akikubali kuhama. Nyumba anamolala mzee, wamwachie mpaka aiuze au afe, ndipo wadai. Na kabla hawajaongeza, watuonyeshe ile kodi ya kwanza ilifanya nini. Kwenye bajeti wameandika lango lenye taa la kuingilia mjini, na mtaa huu tunanunua maji ya mkokoteni. Wazibue mfereji. Kiti chenye mgongo kitangoja.

Nawe, mwanangu, siku ukipewa kalamu ya kuwaandikia watu mzigo, ubebe kwanza mmoja. Mungu akupe sauti ya kutosha chumba kizima. Na uzeekee kwenye nyumba ambayo hakuna mtu atakuuliza ingeuzwa pesa ngapi.

Hapo akaniuliza kama nimeandika jina la Wawuda vizuri.

Jumatatu. Saa moja asubuhi nilishika ncha moja ya kamba, Babu akashika nyingine. Mnunuzi ni mtu mpole, alituomba tu tuivute vizuri. Ilipita katikati ya sukuma wiki za Nyanya. Babu aliinama akaangalia kama imenyooka.

Kisha nikanawa mikono, nikaenda mkutanoni. Mlangoni waliniuliza jina, na kama nina ploti. Nikasema sina. Zamu yangu ilipofika nikafungua daftari, nikasoma.

"Sauti," mtu akasema kutoka nyuma.

Nikaanza upya, tangu kwenye ukungu.