Ngoma Isiungue

Juzi, kwenye harusi Chamwino, bibi mmoja aliegemeza ngoma yake kando ya moto, na harufu ya ngozi ikipata joto ikanirudisha kijijini kwetu Zuzu.

Utotoni nilikuwa shabiki wa kikundi cha ngoma cha akina mama wa kwetu. Popote walipocheza nilikuwepo, macho yangu kwa Mama Sechelela, mpigaji wao. Alasiri moja ya mashindano aliniachia ngoma yake iliyokuwa motoni. Akaja mama wa kikundi pinzani, mwenye kovu shavuni, akaichukua na kuilaza kwenye nyasi zilizolowa mvua.

"Naiondoa isiungue, mwanangu."

Nilipiga goti kumshukuru. Sikujua kwamba ngozi isipokazwa na moto hailii. Mama Sechelela alipopiga, ilikuwa kama anapiga godoro. Uwanja mzima ulimcheka, na hakucheza tena.

Juzi yule bibi aligeuka, nikaliona kovu. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie ngoma yangu, nikanywe maji."

"Usijali, bibi. Haitaungua."

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na nyasi zilikuwa zimelowa vizuri.