Mnene Kwenye Foleni ya Unga

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa mabanda wa Gatwekera, hakukuwa na msichana wa rika langu aliyekuwa mnene kama mimi. Hilo kila mtu aliliona. Kwamba nilikuwa mgonjwa wa sukari, tulijua watu wachache tu, na nilitaka ibaki hivyo.

Mama alikaanga viazi na migongo ya samaki kando ya njia. Alitumia mafuta meupe ya kopo, yale ambayo asubuhi unayakuta yameganda, unayakwangua kwa kijiko. Yaliyobaki kwenye karai jioni ndiyo tuliyopikia mboga ya sukuma wiki. Nilipomaliza darasa la nane nilikaa naye kumenya viazi, na vipande vilivyovunjika vilikuwa vyangu.

Kabla ya uchaguzi nilishikwa na kiu isiyoisha. Mama akanipeleka kliniki Kawangware, mbali na macho ya majirani. Nesi alipotoa majibu, mama alimbishia.

"Lakini huyu hatii sukari kwa chai. Nilimkataza zamani."

"Na mnapikia mafuta gani, mama?"

Mama akamwambia. Nesi akavuta kiti karibu.

Alisema mafuta ya mwilini si mzigo tu wa kubebwa. Ni vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina mlango wa kuingizia sukari inayotoka kwenye damu. Insulini ndiyo hupiga hodi. "Sasa mtu akila haya ya kuganda kila siku, mlango unakuwa mgumu. Hodi inapigwa, haisikiki vizuri, sukari inabaki nje kwa damu." Mafuta ya maji yanayotoka kwa mbegu, na yale yaliyo ndani ya samaki mwenyewe, huusaidia mlango kusikia. Akasema pia kwamba si mafuta peke yake, na dawa nisiache.

Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliona kama amefungua mlango wa nyumba yetu watu wachungulie karai.

Mama hakubadilisha mafuta. Ya chupa yalikuwa ghali, na alisema wateja wangesikia ladha imepotea. Niliendelea kumenya viazi. Mimi si mtu wa kujibu.

Kisha matokeo ya kura yakatangazwa, ghasia zikazuka. Maduka yakachomwa, njia ya Kawangware ikafungwa, karai likatundikwa ukutani. Tulikunywa uji hadi unga ukaisha. Siku moja tukasikia kanisa moja la mtaa jirani wa Kianda linagawa unga, maharagwe na chupa ya mafuta ya maji. Mama hakutaka kuacha nyumba bila mtu, kwa hiyo akanituma na mfuko.

Nyuma yangu kwenye foleni alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Wewe dada," akasema, "na hiyo mwili yote, umekuja kuchukua unga ya watoto?"

"Wachana na yeye," mwingine akadakia. "Maduka si yalivunjwa? Huyu hakubeba. Alikula huko huko ndani."

"Pengine ni hewa," wa tatu akasema. "Tumtoboe tuone."

Foleni ikacheka. Walikuwa watu ambao hawakuwa wamecheka tangu Krismasi, na walicheka hadi wengine wakashika magoti. Nikakunja mfuko, nikauweka kwapani, nikaondoka.

Nyumbani mama aliutazama mfuko mtupu.

"Wamesema nini?"

"Hakuna kitu."

Alifunga mlango kwa kufuli, akamshika mdogo wangu kwa mkono mmoja na mimi kwa ule mwingine. Tulimkuta yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni amekaribia meza; aliponiona akaanza kucheka, na wengine wakamfuata. Mama akasimama mbele yake.

"Huyu ni mtoto wangu. Ako na sukari. Hiyo mwili mnacheka, mafuta ni mimi nimempikia."

Hakuna aliyecheka tena. Afadhali wangeendelea. Yule mwanamke akarudi nyuma hatua moja.

"Simama hapa basi," akaniambia, akitazama pembeni.

Nikapokea vitu vyetu bila kuinua macho.

Jioni mama alipika sukuma kwa sufuria mbili, ingawa makaa yalikuwa haba. Yangu aliikaanga kwa mafuta ya chupa, kidogo. Yao aliichemsha kwa chumvi, kwa sababu kopo lilikuwa tupu, na chupa alikuwa ameiweka juu ya kabati akisema ni yangu.

Mdogo wangu, ambaye hakuwa ameanza hata darasa la kwanza, aliangalia sahani yangu iking'aa. Nikaisukuma upande wake.

"Zii," akasema, akairudisha. "Hiyo ni dawa yako."

Akaweka sahani yake chini, akakaa kunitazama hadi nimalize. Nikageukia ukuta, nikala yote.