Kabati Mbele ya Ufa

Katika mtaa mzima, Mwalimu ndiye pekee aliyekuwa na viti kumi na viwili vinavyofanana, kila kimoja na kitambaa chake cheupe alichokifuma mwenyewe. Ndiyo maana, wiki mbili baada ya dhoruba, majirani waliobomokewa waliamua kukutana sebuleni kwake. Sababu ya pili ilikuwa ulimi wake. Alikuwa ameongoza shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na hata baada ya kustaafu alizungumza kama mtu anayejua kengele italia saa ngapi.

Ukutani ilining'inia picha ya marehemu mumewe, kofia ngumu kichwani na faili kwapani. Alikuwa mkaguzi wa majengo wa baraza la mji, na watu walimwita Timazi, kama ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi hupimia ukuta, kwa kuwa hakuwahi kupinda. Aliwahi kumtoza faini kaka yake, tumbo moja, kwa kujenga choo bila kibali. Mwalimu alipenda sana kukisimulia kisa hicho kwa wageni.

Jambo lililowakusanya lilikuwa hili. Aliyetaka kuinua ukuta ulioanguka alitakiwa kuchukua kibali, na ada yake ilikuwa ileile ya kujenga nyumba mpya. Sasa baraza lilifikiria kuipunguza hadi robo kwa nyumba zilizoharibiwa na dhoruba. Kabla ya kupiga kura, madiwani walitaka kumsikia mkazi mmoja wa kila mtaa.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mwanamke fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake na kwa maneno yake. Ukuta wake wa barabarani ulikuwa umelala chini wote, naye alishonea chini ya turubai. Siku hizo, alisema, wateja aliwapimia viuno hadharani, na mtaa mzima ulijua nani kanenepa. Alikuwa amejaribu kuanza kujenga kimya kimya, lakini asubuhi ya pili alikuta alama nyekundu kwenye matofali mapya, na karatasi ya kumpa siku thelathini alete kibali au abomoe.

"Kibali cha ukuta huu nilishalipia, Mwalimu, na risiti ninayo," alisema. "Mimi sijabadili kitu. Upepo ndio uliobadili. Basi wakautoze upepo."

Watu walicheka, na Mwalimu naye akatabasamu, ingawa alikumbuka maneno ya mumewe kwamba ada ndiyo inayomleta mkaguzi, na pasipo mkaguzi watu wataangukiwa na nyumba wakiwa wamelala. Alikuwa amemwamini kwa hilo. Lakini alipomtazama Sindano, mikono yake imejaa vumbi la saruji, alikiri moyoni kwamba hesabu ya marehemu ilikuwa imemsahau mtu.

Wakamchagua aseme yeye. Hawakutaka hotuba. Walitaka aseme jambo moja tu, kwamba hata nyumba ya Timazi imeharibika, kwa sababu hakuna diwani ambaye angethubutu kusema Timazi alijenga ovyo. Mabati yake ya nyuma yalikuwa yameonekana yakipeperuka kama shuka. Mwalimu akakubali, kisha akaagana nao mlangoni, mmoja mmoja.

Hakumwonyesha yeyote nyumba zaidi ya sebule. Kule nyuma kulikuwa na chumba, na katika chumba hicho ufa uliotoka dirishani hadi sakafuni, mpana kiasi cha kuingiza kiganja. Mbele ya ufa huo alikuwa amesukuma kabati la vyombo, peke yake, hadi kiuno kikamsaliti.

Tatizo halikuwa ufa. Chumba chenyewe hakikuwamo kwenye ramani ya nyumba. Miaka kumi na tisa nyuma, Mwalimu alipokuwa mji mwingine akisahihisha mitihani kwa wiki tatu, mama mkwe wake alipooza, na Timazi akachukua likizo akamjengea mama chumba. Bila ramani, bila kibali. Mwalimu aliporudi, alimkuta bibi kalala ndani, chokaa haijakauka. Mumewe hakumtazama usoni. Alisema tu, "Hili libaki letu wawili." Na lilibaki. Angesema sasa kwamba nyumba imeharibika, wangekuja kuikagua, ramani mkononi.

Siku ya kikao alivaa gauni la kijivu ambalo Sindano alikuwa amempandishia pindo. Alizungumza vizuri. Alieleza habari za kuta, watoto, vyombo vilivyolowa, na hata la risiti na upepo akalisema, madiwani wakacheka. Kisha diwani mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi na Timazi, akamuuliza kwa upole, "Na kwako, shemeji, kumesalimika?"

Nyuma yake majirani walingoja. Aliliona swali lilivyo jepesi. Akilini aliona pia kabati, na faili kwapani mwa marehemu.

"Kwangu kumesalimika," alisema.

Diwani akawageukia wenzake. Mnaona, alisema, nyumba iliyojengwa kwa kufuata sheria haibomoki. Wanaobomokewa ni waliojenga ovyo, na tukiwapunguzia ada tunawatuza kwa uzembe wao. Kura zikapigwa, hoja ikaanguka. Njiani kurudi hakuna aliyemlaumu. Walimwuliza kama amechoka.

Siku ya ishirini na tisa tangu apewe ile karatasi, Sindano alibisha hodi. Hakuwa na gauni la kuleta wala uzi wa kuomba. Alikuwa ameuza kiwanja, na kesho yake angehamia kwa dada yake, mbali, kwenye chumba cha kupanga kisicho na pa kuweka meza ya kukatia nguo. Mwalimu alimkalisha kwenye kiti cha kwanza.

"Mdogo wangu, siku ile nilishindwa kusema."

"Chumba cha nyuma?" Sindano aliuliza.

Mwalimu aligeukia mlango wa nyuma.

"Dada, chai ya mafundi waliojenga kile chumba niliipika mimi. Mchanga ulimwagwa mlangoni kwangu, na mume wangu ndiye aliyebeba mabati. Shemeji alikuwa anamsitiri mama yake, nani angemsema? Mtaa mzima tulifunga midomo." Alinyoosha kitambaa cha kiti kilichokunjamana, kwa mazoea tu ya kazi. "Tulikulindia miaka kumi na tisa. Tulikuomba dakika tano."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Mwalimu. Akaondoka kabla chai haijapoa.

Asubuhi Mwalimu alimwita mwashi wakasogeza kabati. Akaandika barua kwa baraza, akaeleza chumba, mwaka kilipojengwa na aliyekijenga, akatia sahihi kwa jina la ndoa. Karani aliigonga muhuri, akamwambia kwa adabu kwamba faini yake italetwa nyumbani, na kwamba hoja iliyokataliwa hairudi kikaoni kabla ya mwaka kupita.

Mpaka leo wateja bado hufika penye kiwanja kile, kitambaa mkononi, wakakuta kamba za turubai zimebaki kwenye nguzo. Huvuka kwa Mwalimu kuuliza fundi kahamia wapi, naye huwaelekeza. Anayeuliza kwa nini alihama, Mwalimu humkaribisha ndani, akapita naye sebuleni chini ya picha, hadi chumba cha nyuma.