Barua Aliyoiomba Mzee wa Kanisa

Alikuja kliniki yangu ya Nyanchwa siku ya Jumatano, amevaa suti, mkewe nyuma yake. Hakusema anaumwa. Alitaka barua.

"Andika tu kwamba sinywi pombe," alisema. "Jumapili baraza linakaa kuniondoa."

Alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato upande wa Kebirigo. Siku ya Meza ya Bwana, waumini walipokuwa wakioshana miguu kabla ya kula mkate, alipiga magoti kumwosha jirani yake, akashindwa kuinuka. Walipomwinua aliyumba, beseni likamwagika. Tayari walikuwa wameuona mkono wake wa kulia ukitetemeka, na sauti yake ikififia mimbarini. Katika kanisa ambalo pombe ni mwiko, hawakutafuta sababu nyingine.

Nilisogea kumpima, na nakiri kwamba nilivuta pumzi kidogo kunusa. Aliona.

"Nusa vizuri, daktari. Wa kanisani wamenusa mpaka wamechoka."

Niliona haya. Nikavuta kiti nikaketi mbele yake.

Ugonjwa niliokuwa nikiushuku hautambuliwi kwa kupima damu. Hutambuliwa kwa kumtazama mtu bila haraka. Nilimwomba aweke mikono mapajani, ahesabu kutoka mia moja kurudi nyuma. Alipofika tisini na mbili, kidole gumba cha kulia kilianza kusuguana na cha shahada, kama anayeviringisha punje ya wimbi. Nikampa kikombe, na alipokiinua mkono ukatulia. Basi ulikuwa ukitetemeka unapopumzika, si unapofanya kazi. Nikamwambia agonganishe vidole hivyo viwili upesi upesi. Kila pigo lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Nilipoukunja mkono wake, ulikaza ukaachia, ukakaza ukaachia. Alipotembea, mkono wa kushoto ulipunga, wa kulia ukaning'inia tu.

"Anasikia harufu?" nilimuuliza mkewe, maana ugonjwa huo mara nyingi huondoa uwezo wa kunusa mapema.

"Huyu? Maziwa yaliungua mpaka majirani wakaja. Yeye ameketi hapo hapo jikoni, anasoma."

"Nilikuwa naomba," mzee alisema.

"Ulikuwa unasoma."

Nikawaambia jina la ugonjwa: Parkinson. Nikaeleza kwamba ndani ya ubongo zipo chembe zinazotengeneza kitu cha kuulainisha mwendo wa mwili, na zake zinapungua polepole. Zipo dawa za kumsaidia kutembea na kufunga vifungo vya shati, ingawa haziponyi. Ningemtuma pia kwa bingwa wa mishipa ya fahamu athibitishe.

"Kwa hiyo si pombe," mzee alisema.

"Si pombe, mzee."

"Pombe mtu huiacha, daktari. Hii nitaiacha vipi?"

Nilimwambia haiachwi, ila huzidi polepole, na wengi huishi nayo miaka mingi wakilima na kuhubiri. Nikamwambia arudi kila ninapomwita, hata siku anayojisikia vizuri. Kisha nikashika kalamu, nikauliza kama niutaje ugonjwa.

"Usiutaje," mkewe alisema. "Watasema ameharibika kichwa."

Mzee aliutazama mkono wake pajani.

"Ukiandika sinywi peke yake, wataniuliza basi ni nini. Sitaki kuficha kitu madhabahuni. Andika yote, hata hayo ya vidole."

Niliandika yote, kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa.

Jumatatu mkewe alipiga simu. Barua ilisomwa mara mbili. Hawakumwondoa. Mzee mwenyewe aliomba asibebe tena sinia ya vikombe vya Meza ya Bwana, wakakubali. Kisha yule aliyekuwa wa kwanza kumshtaki akasimama, akaomba kipande cha vidole kisomwe tena.

"Babake huyo anatetemeka hivyo hivyo," mke wa mzee alisema. "Miaka mitatu wamemfungia nyumbani, wakidhani anakunywa kwa siri. Anauliza kama unaweza kumwona kesho."

Nilimwambia wamlete asubuhi.