Mama Langoni

Asubuhi hii, katika chumba chetu cha Al Mansoura, huku ughaibuni, mwenzangu amejipaka dawa ya kuchua misuli kabla ya kwenda kazini. Harufu yake kali imenirudisha utotoni, kando ya uwanja wa mpira wa magongo.

Mama alikuwa golikipa, nami nilikuwa shabiki wake wa kila mechi. Katika fainali ya mechi tatu kila timu ilikuwa imeshinda mara moja, na mechi hii ya tatu ndiyo ya kuamua. Mpira ulipigwa kwa nguvu ukampata shingoni, chini ya kofia ngumu ya golikipa. Akaanguka chali, asitikise hata kidole.

Mama mdogo alinishika mkono, nikamponyoka, nikakimbia hadi golini huku nimejikojolea. Mama alinukia dawa ile aliyojipaka magotini.

“Mama, amka! Twende nyumbani!”

Alifumbua macho polepole. “Toka uwanjani, mwanangu. Mechi haijaisha.”

Akainuka.

Tulishinda, nilikuja kuambiwa. Mimi sikuutazama mpira tena. Niliitazama shingo yake tu, jinsi ilivyokuwa ikivimba, mpaka kipenga cha mwisho.